Mawe ya Mtaroni Yatatumaliza

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtaani kwetu hapa Malindi, ufa wenyewe twauchimba sisi.

Karibu kila nyumba iliyo kando ya mtaro imetia mawe ndani yake ili watu wapate pa kukanyaga. Ukiuliza, utaambiwa, "Kwani kuna ubaya gani? Mawe yanayapunguzia maji kasi." Mimi nakataa.

Mwaka 1883 Osborne Reynolds wa Manchester, Uingereza, alipitisha maji yenye uzi wa rangi katika bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, uzi ulinyooka. Kasi ilipozidi, ulitikisika, kisha ukatawanyika. Nami nilijaribu nyumbani kwa kipande cha mfereji wa bati na matone ya wino. Nilipopanga vigae ndani, kimoja kushoto, kingine kulia, wino ulianza kuyumba na kuzunguka, na bomba sikulifungua zaidi! Kumbe vizuizi huyavuruga maji hata yakiwa na mwendo mdogo.

Basi mtaroni ni vivyo hivyo. Kati ya mawe maji hubanwa yakakimbia. Nyuma ya jiwe huzunguka yakachimba udongo. Wakati wa masika, maji hayo yalikula ukingo mpaka jiko la bibi yangu likabomoka usiku. Bahati nzuri hakuna aliyelala humo. Mawe yale tuliyatia sisi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Wengine watauliza, mbona mikoko ya Mida nayo ni kizuizi na yatufaa? Kweli. Lakini mizizi yake ni mingi, imetapakaa mahali papana. Kila mmoja huyapunguza maji nguvu kidogo, na tope likatua. Mawe machache katika mtaro mwembamba huikusanya nguvu yote mahali pamoja.

Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Kilifi kuja Malindi pale Mbogolo. Mafuriko kama yale hatuyawezi sisi wanafunzi, lakini mtaro wa mtaa twauweza. Maoni yangu ni haya: tuyatoe mawe kabla ya mvua za vuli, tuvukie ubao uliolala juu ya kingo zote mbili, na takataka tusitupe humo.

Haya shime, vijana wenzangu! Jiko la bibi nimeshasaidia kulijenga upya. Sitaki kulijenga mara ya tatu.

Mwanafunzi, Kidato cha 3