Sandwichi yenye hataza: je, ni uvumbuzi?

Wadau, leo tuiache kompyuta kidogo tuzungumze chakula. Mtaona tutarudi huko huko.

Tarehe 21 Desemba 1999 Marekani ilitoa hataza nambari 6,004,596, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze ulichobuni. Kilichobuniwa? Sandwichi! Siagi ya karanga na jemu kati ya slesi mbili, kingo ngumu za mkate zimeondolewa, pembeni pamebanwa pande zote visivuje. Mwaka 2001 kampuni ya Smucker's, iliyokuwa na hataza hiyo, iliitaka kampuni ndogo ya Albie's, kule Michigan, iache kutengeneza ya kwake. Albie's wakagoma, na hataza ikarudishwa kuchunguzwa upya.

Watu walicheka sana. Hata katika mahakama ya rufaa mwaka 2005, Smucker's walipotetea maombi mengine mawili ya sandwichi hiyo hiyo, jaji mmoja alisema mkewe humbania mtoto wao mkate vivyo hivyo. Maombi yakakataliwa.

Mimi sicheki sana. Sheria haiulizi kama kitu ni rahisi. Inauliza kama fundi wa kawaida wa kazi hiyo, anayejua yaliyokuwepo kabla, angekiona ni jambo la wazi. Ukishaonyeshwa jibu, nani hasemi "si hata mimi ningeweza"? Nani hajapambana siku tatu na programu iliyogoma, kisha mwenzake akapita nyuma ya kiti na kurekebisha mstari mmoja?

Na hataza ile ilikuwa na wazo lililostahili kusikilizwa: siagi ya karanga inapakwa slesi zote mbili na jemu inakaa katikati, ili mkate usilowe. Hilo ni tatizo halisi kwa anayeuza sandwichi za kuliwa siku nyingi baadaye. Lakini wapishi wamekinga mkate kwa mafuta tangu zamani, na kubana kingo anakujua yeyote aliyewahi kufunga sambusa. Aprili 2007, katika kesi ya KSR iliyohusu pedali ya gari, Mahakama ya Juu ilisema kuunganisha vitu vinavyojulikana na kupata matokeo yaliyotarajiwa huenda kusiwe uvumbuzi. Naafiki kabisa.

Hataza ya sandwichi ilifutwa mwaka huo huo wa 2007. Kinachoniudhi ni hiyo miaka karibu minane.

Sasa turudi kwetu. Septemba 1999 Amazon walipewa hataza ya kununua kwa mbofyo mmoja, na Desemba wakapata amri ya mahakama dhidi ya Barnes & Noble. Amri iliondolewa 2001 kwa sababu uhalali wa hataza ulitiliwa shaka, lakini hataza yenyewe iliishi hadi 2017. Barnes & Noble walikuwa na pesa za mawakili, na bado ilibidi waongeze mbofyo wa pili. Mwenye duka dogo la mtandaoni angeuongeza siku ile ile aliyopokea barua, bila kumuuliza jaji yeyote.