Wikipedia haimjui mzee asiyeandikwa

Kilima cha Old Kampala kimezoea watu wanaoamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyokuja kuitawala na kuichuma Afrika Mashariki, alipanda pale na kujenga boma. Mwaka 1908 makumbusho ya kwanza ya Uganda yalianzia kilimani hapohapo, katika jengo dogo lililojaa vitu vilivyokusanywa kutoka kwa wenyeji. Baadaye yalihamia Makerere, na mwaka 1954 yakafika Kitante yalipo hadi leo. Boma lenyewe liliondolewa kupisha msikiti mkubwa, ule ulioanzishwa enzi za Idi Amin, ukakwama kwa miongo kadhaa, kisha ukamaliziwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Boma la mfano likajengwa kando. Hata jina la msikiti lilibadilishwa: ulifunguliwa kwa jina la Gaddafi, na sasa unaitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda, ingawa ukimwambia dereva wa bodaboda “Gaddafi” atakufikisha getini bila kuuliza zaidi.

Leo uamuzi wa namna hiyo unafanywa pia na watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Kampala. Mgeni akishuka kutoka juu ya mnara wa msikiti akataka kuelewa alichokiona, huchomoa simu na kuandika jina, na mara nyingi ukurasa wa mwanzo kujitokeza ni wa Wikipedia. Makala ikiwepo, kilima kina historia. Ikiwa ilifutwa jana, basi kwa mgeni huyo, na kwa mwanafunzi wa sekondari anayeandaa insha yake usiku, jambo hilo ni kama halikutokea. Ndiyo maana utaratibu wa kuhifadhi na kufuta makala haufai kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Toleo la Kiingereza limevuka makala milioni 7, na karibu zote zimeandikwa na watu wasiolipwa. Watu haohao ndio wanaofuta. Kufuta kuna njia tatu. Ya kwanza ni ya papo kwa papo: ukurasa wa matusi, wa tangazo la biashara, au wa mtu ambaye makala haionyeshi hata kwa sentensi moja kwa nini anastahili kuandikwa, unaweza kuondolewa ndani ya dakika chache. Njia ya pili ni kubandika notisi juu ya makala. Siku saba zikipita bila yeyote kupinga, makala inaondoka, na pingamizi la mtu mmoja tu linatosha kuisimamisha. Ya tatu ndiyo baraza lenyewe: mjadala wa wazi, kwa kawaida wa siku saba, ambapo yeyote anaweza kueleza kwa nini makala ibaki, iunganishwe na nyingine, au ifutwe. Mwisho wake mkabidhi, yaani mhariri aliyepewa na wenzake mamlaka ya kufuta, husoma hoja zote na kutoa uamuzi.

Husoma hoja, hahesabu vichwa. Hapo ndipo wengi wetu wanapojikwaa. Mwanamuziki anayeita mashabiki mia waje kuandika “ibaki, ibaki” hajisaidii kitu, kwa sababu swali linaloulizwa barazani ni moja: je, watu wasio na uhusiano na jambo hili wameliandika kwa kina katika vyombo vinavyoaminika? Wema wa mtu hauulizwi, wala idadi ya watu wanaomjua mtaani. Kinachotakiwa ni gazeti, kitabu au utafiti, na kilichoandikwa humo kiwe zaidi ya kumtaja kwa jina tu.

Afrika Mashariki iliuonja ukali wa swali hilo mwaka 2010. Machi mwaka huo kundi la Just a Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo “Ha-He”, yenye mbabe aitwaye Makmende, jina ambalo vijana wa Nairobi wa miaka ya 1990 walimpa yeyote anayejifanya shujaa wa sinema. Wakenya waliipokea kwa kishindo. Vichekesho vikatungwa, picha zikatengenezwa, sura ya Makmende ikapachikwa kwenye majalada ya majarida maarufu. Mtu akaandika makala katika Wikipedia ya Kiingereza, ikafutwa. Ikaandikwa tena, ikafutwa tena. Waliofuta waliona jina geni, utani usioeleweka kwao, na hakuna chombo cha habari walichokizoea kilichotajwa. Mambo yalibadilika pale vyombo vya Marekani, CNN na Wall Street Journal vikiwemo, vilipoandika habari zake. Makala ikabaki.

Kisa hicho kinauma, na ni haki kiume. Makmende hakuongezeka umaarufu Nairobi siku Wamarekani walipomwandika. Alikuwa gumzo la mji tayari. Wakenya waliokuwa wakiandika habari zake hawakuhesabiwa kuwa mashahidi, mpaka shahidi akatoka ng’ambo. Tatizo hili lipo hadi sasa. Mhariri aliyeko Ohio au Leeds hana namna rahisi ya kujua kwamba Bukedde ni gazeti la Kiganda linalosomwa na maelfu kila siku, wala kwamba Daily Monitor liliwahi kufungiwa na polisi kwa siku kadhaa mwaka 2013 kwa sababu ya habari liliyoichapisha. Kwake yote ni majina tu, na jina asilolijua hulitilia shaka.

Hata hivyo si haki kusema kwamba mlango unafungwa kwa Waafrika peke yao. Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwa maelezo kwamba vyanzo vyake havikuonyesha kwamba anastahili makala. Oktoba mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Clarice Phelps, mwanakemia Mmarekani mweusi aliyeshiriki katika kazi iliyowezesha kugunduliwa kwa elementi ya tennesini, makala yake ilifutwa mwaka 2019 na kurejeshwa 2020 baada ya mabishano marefu. Wanawake, watu weusi, na mafundi wanaofanya kazi nyuma ya majina makubwa huandikwa kidogo na magazeti, na kamusi elezo inayotegemea magazeti hurithi upungufu huo mzimamzima.

Pamoja na hayo yote, kanuni ya kudai vyanzo huru ni kanuni nzuri, na Waafrika Mashariki wanapaswa kuwa wa kwanza kuitetea. Tunaijua bahasha. Tunajua habari inayoandikwa kwa sababu mwenye habari amelipa nauli ya mwandishi na chakula cha mchana. Tunawajua wafanyabiashara na wanasiasa wanaotaka wasifu mtandaoni kabla ya uchaguzi. Kanuni hii ikilegezwa, wa kwanza kujaa humo hawatakuwa wazee wa koo wala mafundi wa ngoma za kifalme, watakuwa wenye fedha za kujisifia.

Ushahidi wa haja ya vyanzo huru upo palepale kilimani Old Kampala. Tarehe 24 Januari 1892 vita vilipigwa kati ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda. Lugard, aliyekuwa ndani ya boma lake na bunduki ya Maxim, aliwagawia Waprotestanti silaha. Wakatoliki walishindwa, Rubaga, kilima cha misheni yao, ikachomwa, na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Mwaka uliofuata Lugard alichapisha kitabu chake kinene akieleza mambo hayo kwa namna inayomfaa yeye. Wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa nao walieleza kwa namna yao, na Ufaransa ikaja juu dhidi ya Uingereza. Kama ingetosha kwamba msimulizi alikuwepo, historia ya siku ile ingebaki kuwa ya Lugard, kwa kuwa yeye ndiye aliyefika mapema kwa mchapishaji. Mhariri anayesema “huyu ni mhusika, leteni mwingine” anaitendea haki Buganda.

Huyo mwingine atoke wapi? Apolo Kaggwa, katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, aliyekuwa upande wa Waprotestanti katika vita hivyo, alikusanya simulizi za wafalme wa Buganda kutoka kwa watu waliozihifadhi vichwani, akazichapisha kwa Kiganda mwaka 1901. Kitabu chake kinanukuliwa na wanahistoria hadi leo. Simulizi zake zilikuwa za mdomo, na kilichozifanya zinukuliwe, zikosolewe na kulinganishwa na nyingine ni kwamba alizichapa. Mzee wa Mengo ambaye hakupata mtu wa kumchapa, akizikwa, anakwenda na zake.

Mwaka 2011 wanaharakati wa Wikipedia kutoka India na Afrika Kusini walijaribu kuuziba ufa huu. Walirekodi sauti za watu wakieleza michezo, mapishi na desturi zao, kisha wakazitumia rekodi hizo kama vyanzo vya makala. Wazo lilikuwa jema, lakini wahariri wengi wa Kiingereza hawakulikubali, wakisema rekodi iliyofanywa na mhariri mwenyewe haijapitia mikono ya mtu mwingine wa kuihakiki. Wana hoja. Jibu lake ni kumpata mtu huyo wa katikati: redio inayohifadhi kanda zake, chuo kinachochapisha mahojiano, makumbusho yanayotoa kijitabu, gazeti linalotuma mwandishi kumsikiliza mzee na kumuuliza maswali magumu.

Jambo moja ambalo wahariri wa ukanda huu hawalitumii vya kutosha: kanuni za Wikipedia hazidai chanzo kiwe mtandaoni. Toleo la Munno, gazeti la Kikatoliki la Kiganda lililoanza 1911, au la Uganda Argus la miaka ya mwisho ya ukoloni, ni chanzo halali hata kama lipo kwenye rafu moja tu ya maktaba. Kinachotakiwa ni jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Mhariri wa mbali akitafuta mtandaoni akakosa, atasema hakuna kitu. Aliyeko Kampala anaweza kupanda daladala, Waganda wanaiita teksi, akaenda Makerere, akakipata na kukileta barazani kabla siku saba hazijaisha. Na makala iliyofutwa haijafa: maandishi yake hubaki mahali ambapo wakabidhi wanaweza kuyaona, na chanzo kipya kikipatikana mtu anaweza kuomba yarejeshwe.

Katika Wikipedia ya Kiswahili hatari ni ya upande wa pili. Ilianza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000, lakini wakabidhi ni wachache na wanaohudhuria mijadala ya kufuta ni wachache zaidi. Makala nyingi bado ni mbegu, kama wenyewe wanavyoziita, mistari miwili mitatu inayosubiri mtu wa kuikuza. Google iliandaa shindano mwaka 2009 kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania waandike makala za Kiswahili kwa zawadi. Makala zilimiminika, nyingine zikiwa tafsiri za mashine, na zawadi zilipokwisha waandishi wengi nao wakaondoka. Waliobaki ndio waliobeba kazi ya kusafisha.

Yaliyowapata wengine yanatisha. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyekijua Kiskoti. Alifanya hivyo kwa miaka, maelfu kwa maelfu ya makala, na hakukuwa na wenyeji wa kutosha wa kumzuia. Lugha ndogo mtandaoni huumia kwa makala mbovu zilizoachwa kama inavyoumia kwa makala nzuri zilizofutwa. Kiswahili kina wasemaji wengi mno kuruhusu aibu kama hiyo, na sasa kwa kuwa programu za kompyuta zinaweza kumwaga aya elfu kwa saa, kila makala ya uongo inayobaki leo itanakiliwa kesho na mashine nyingine kama ukweli.

Uganda ina nafasi ya pekee hapa. Baraza la Mawaziri liliridhia Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kiswahili kimeshakaa siku nyingi Old Kampala na mabondeni mwake: wakimbizi wa Kongo wanaofika kujiandikisha wanakisema, wafanyabiashara wa Kisenyi wanakisema. Watu hawa wanajua habari za miji yao na za mitaa hii ambazo hakuna mhariri wa London atakayezijua, na wengi wao wana simu mkononi. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kutaja chanzo, kazi ambayo mwalimu wa Kiswahili wa sekondari yoyote anaweza kuifundisha kwa mchana mmoja.

Magazeti ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam yafungue kabati zao. Matoleo ya zamani yapigwe picha na yawekwe wazi, kwa sababu kila kiungo cha zamani kinapokufa kwenye tovuti zao, makala fulani kuhusu kwetu inapoteza mguu wa kusimamia. Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, ambalo makao yake yapo kilimani pale, lichapishe historia kamili ya msikiti na ya boma lililokuwa chini yake, na liwape nafasi wanahistoria wasiotoka ndani yake kuihakiki.

Na wewe msomaji, siku utakapokuta juu ya makala kuhusu mtaa wenu au mtu wenu kisanduku kinachosema inapendekezwa ifutwe, usiishie kulalamika kwenye makundi ya WhatsApp. Gusa kiungo cha mjadala kilichomo ndani ya kisanduku hicho, ingia, uandike gazeti gani limelieleza jambo hilo, la tarehe ngapi, ukurasa wa ngapi. Una siku saba.