Simba wa Chupa

Siku moja tulikuwa tukiwafundisha watoto wa katekisimu, hapa kwetu Butembo, habari za viumbe vya Mungu. Tukawauliza: "Nani kati yenu amekwisha kumwona simba?" Mikono mingi ikainuka. Tukashangaa, maana hata wazee wengi wa mji huu hawajapata kumwona. "Mlimwona wapi?" Mtoto mmoja akajibu bila haya: "Kwenye bia, mwalimu." Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka.

Tangu siku ile twaangalia kwa makini matangazo ya pombe, na twaona kwamba wanyama wa chupa wamejaa katika Kongo yetu. Turbo King ya Bralima ina kichwa cha simba. Lubumbashi hutoka bia iitwayo Simba, na nyingine iitwayo Tembo. Bracongo ya Kinshasa ina Nkoyi, na kwa Kilingala neno hilo maana yake ni chui. Kenya nako ni vilevile. Kiwanda cha bia cha huko kilianzishwa mwaka 1922. Mwaka 1923 mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na tembo alipokuwa akiwinda, na kwa kumkumbuka, bia ikaitwa Tusker, yaani tembo mwenye pembe. Hivyo mnyama aliyemwua mtu akageuzwa kuwa rafiki wa wanywaji.

Mtu atasema: "Hii ni picha tu, yamdhuru nani?" Twajibu: kama ni picha tu, mbona hulipiwa pesa nyingi ili ionekane? Wenye viwanda si wajinga. Wajua kwamba mtu husahau maneno, lakini mnyama hamsahau. Na mwenye kumshika mnyama upesi kuliko wote ni mtoto. Wamarekani walikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1995 bia ya Budweiser ilionyesha katika televisheni vyura watatu kinamasini, kila mmoja akilia kipande cha jina la bia. Mwaka 1996 watafiti wa California waliwauliza watoto wa miaka 9 hadi 11, wakaona kwamba waliyakumbuka maneno ya vyura wale kuliko maneno ya Tony, chui milia wa Kellogg's anayetangaza chakula cha watoto. Chakula kilikuwa chao, bia haikuwa yao. Lakini walichokishika ni cha bia.

Kwetu Beni na Butembo si kila nyumba yenye televisheni. Kwa hiyo mtoto huifuata mahali ilipo, yaani mlangoni pa nganda, siku timu yetu ya taifa, Léopards, inapocheza. Hapo aona chui wa taifa uwanjani, na ukutani, na kwenye kalenda, na kwenye fulana ya mhudumu, aona mnyama wa bia. Kichwani mwake wote huwa kitu kimoja: nguvu, ushindi na uanaume. Mwalimu wa shule hupaza sauti mwaka mzima. Mnyama huyu hakai ila punde kidogo, naye ndiye asikiwaye.

Na hapa ndipo uongo ulipo. Simba hakupata nguvu zake kwa bia, wala tembo hakukuzwa nayo. Wote wawili hunywa maji. Lakini mtu aliyekunywa kupita kiasi, nguvu yake i wapi? Twamfahamu baba yule atokaye Jumamosi jioni akiwa simba, akarudi usiku akiegemea kuta kama kondoo mgonjwa, na pesa ya masomo ya watoto imebaki nganda. Afikapo nyumbani aanza kunguruma, nao wanaomwogopa ni mke na watoto wake tu. Je, huyo ndiye mfalme wa porini? Waswahili wa pwani tangu zamani hutumia neno moja, tembo, kwa mnyama yule mkubwa na kwa pombe ya mnazi. Labda waliona kwamba vyote viwili vyaweza kumwangusha mtu.

Hatusemi kwamba bia ni dhambi. Harusi ya Kana twaijua, na kasiksi ya babu zetu twaijua. Twajua pia kwamba viwanda huwapa watu kazi. Lakini kasiksi haikuvaa ngozi ya simba ili kumwita mtoto. Wazee waliinywa, nao walijua nani apewe na nani anyimwe. Twalaumu kitu kimoja tu: kumwajiri mnyama awe mwalimu wa watoto wetu. Mtu akitudanganya, twaweza kumwuliza. Mnyama wa picha, nani atamwuliza?

Tena jambo hili lina dawa. Huko Ufaransa, sheria ya Évin ya mwaka 1991 imekataza kabisa kutangaza pombe katika televisheni. Na Bracongo, pamoja na kiwanda cha Simba cha Lubumbashi, ni watoto wa Castel, kampuni yenye asili ya Ufaransa. Basi mtoto wa Bordeaux amelindwa. Na mtoto wa Beni, je, kichwa chake ni cha jiwe?

Tusingoje Kinshasa iamke. Wenye nganda, wafukuzeni watoto mlangoni, hata siku ya mpira. Wazazi, msiwavike watoto fulana za bia, hata zikigawiwa bure. Walimu, wafundisheni watoto habari za wanyama wa kweli. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, i karibu nasi, na mwaka 2020 mamia ya tembo walirudi humo kutoka Uganda. Yafaa mtoto wa Butembo amjue tembo huyo kabla ya kumjua yule wa chupa.

Wazee walisema: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Simba wa chupa ameingia polepole mjini mwetu. Hatukumsikia, kwa sababu tulikuwa tukitazama mpira.