Tangi la ndai kuukuu si mahali pa kubania pesa

Pitia kurasa za Instagram za vijana wenye ndai za zamani. Utaona rimu, utaona taa, utaona spika zimejaza buti nzima. Tangi la mafuta hutaliona. Hakuna mtu hulipiga picha. Liko chini huko nyuma, limepakwa matope ya mtaani, na mwenyewe hulikumbuka siku moja tu: ile siku petroli inaanza kunuka ndani ya gari na abiria wa nyuma anauliza, "Kwani hapa kuna nini?"

Mimi nasema hivi, na uko huru kunibishia. Kama umenunua gari lililokuzidi umri, pesa ya kwanza ipeleke kwa tangi, kabla ya rimu na kabla ya muziki. Na usikubali mtu yeyote aliguse kwa moto eti kwa sababu ametaja bei ya chini.

Najua kwa nini tunanunua hizi ndai. Sheria hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka 8 kuingia nchini, kwa hivyo hayo yanayoingia bei iko juu. Kijana asiye na hati ya mshahara ya kupeleka benki anabaki na yale yaliyokuwa hapa tayari: DX ya mzee fulani, Peugeot 504 aliyoachiwa mtu na babu yake, Nissan B12, pikapu ya Datsun. Sina neno na hayo magari. Mzee yeyote wa rika fulani atakukumbusha bila kuulizwa kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975. Lakini tangi lake ni bati, na bati la miaka 40 halijui kama gari lilishinda mashindano.

Adui wa tangi ni maji, na mengine tunayakaribisha wenyewe. Angalia vile tunanunua mafuta. Ya mia tatu leo, ya mia mbili keshokutwa. Mwaka mzima tangi linakaa robo. Ile nafasi iliyobaki juu imejaa hewa, hewa ina unyevu, na usiku wa baridi unyevu unageuka matone kwenye bati. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo yanazama hadi chini kabisa na kukaa pale, mwezi baada ya mwezi, yakila chuma. Ndiyo maana tundu hupenda kutokea sehemu ya chini, au kwenye mshono ambapo vipande viwili vya bati vimeunganishwa. Kwa nje kuna ile mikanda inayoshikilia tangi. Matope hukwama kati ya mkanda na bati na hayakauki vizuri hata jua likiwaka. Ukienda kununua gari la zamani, usiridhike kwa kuangalia katikati ya tangi. Chungulia pembeni mwa mikanda.

Dalili nyingine haihitaji hata kuingia chini ya gari. Ndai inazima ikipanda mlima. Unafungua filta unakuta vumbi jekundu, unaibadilisha, na wiki ijayo imeziba tena. Makanika mvivu atakuuzia pampu. Pampu imekufa kweli, sikatai, lakini imeuawa na kutu. Ukifunga mpya kwa tangi lile lile umenunua maiti ya mwezi ujao.

Sasa tuseme tundu limetokea. Kuna ile dawa ya sabuni ya kipande: unaisugua pale panapovuja, na kwa sababu sabuni haiyeyuki kwenye petroli, inaziba. Siicheki hiyo dawa. Imefikisha watu wengi nyumbani. Shida ni kwamba sisi Wakenya tuna kipaji cha kufanya cha muda kiwe cha kudumu, na kuna gari linatembea Thika Road sasa hivi kwa nguvu za sabuni ya mwaka jana. Gundi ya vyuma, ile ya kuchanganya mbili, ni afadhali kidogo, mradi bati limekwanguliwa hadi ling'ae, limekauka, na ugonjwa ni wa tundu moja. Lakini ukibonyeza kwa bisibisi na bati linaingia ndani, unapaka gundi juu ya biskuti.

Hapo ndipo mtu anasema, "Twende tukachomelee."

Naomba usome hapa polepole hata kama hizo sehemu zingine uliruka. Petroli yenyewe, ile ya maji maji, siyo inayowaka. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mvuke huo huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa iliyopo. Ukipungua hapo hauwaki, ukizidi hauwaki. Na petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sufuri, kwa hivyo usijidanganye na baridi ya Julai ya Nairobi.

Piga hesabu mwenyewe. Niliacha chuo kabla ya kumaliza na hii bado naiweza. Tangi la lita 50 likiwa limemwagwa mafuta yote, kijiko kimoja cha chai cha petroli kilichobaki kikigeuka mvuke kinatosha kulifanya liwe tayari kulipuka. Kijiko kimoja! Tangi lililojaa lina hewa kidogo sana ndani. Hili ulilomwaga, ukaligeuza juu chini, ukaliacha juani "likauke", ndilo lina mchanganyiko kamili. Halafu mtu analisogezea moto akiwa ameinamisha uso juu yake.

Tena petroli hujificha. Inakaa ndani ya mishono na chini ya tabaka za kutu. Unanusa tangi, hunusi kitu. Moto ukigusa bati, bati linapata joto, na ile iliyojificha inatoka ikiwa mvuke. Kwa hivyo pua si kipimo.

Huo mvuke pia ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukapotea mawinguni, unatambaa chini. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi Septemba 2011 petroli ilipovuja kutoka kwa bomba na kuingia kwenye mtaro kule Sinai, Nairobi. Moto ulifuata mtaro hadi kwa nyumba za watu na takriban watu 100 walikufa. Gereji si bomba la mafuta, lakini tabia ya petroli haibadiliki kwa sababu iko kidogo. Ukimwaga mafuta ya tangi juu ya lile shimo la kukagulia magari, mvuke unashuka shimoni na kungoja mtu mwenye taa au sigara.

Je, tangi haliwezi kuchomelewa kabisa? Linaweza, na kuna mafundi wanaojua. Lakini ile kazi ya kweli ni kuosha, kuchomelea ni dakika chache za mwisho. Waya wa betri unatolewa kwanza. Mafuta yanamwagwa nje, mahali penye upepo. Tangi linashushwa, geji na paipu zote zinatolewa. Linaoshwa kwa maji moto na sabuni ya unga, linamwagwa, linarudiwa tena na tena, ikiwezekana linapigwa mvuke wa maji. Kisha linalazwa tundu likiwa juu na kujazwa maji hadi karibu na pale moto utagusa, ili nafasi ya hewa ibaki ndogo kabisa. Wenye vifaa wanasukuma hewa yote nje kwa gesi isiyowaka kama argoni au kaboni dayoksaidi. Kuna gereji zinazotumia moshi wa ekzosi ya gari lingine kupitia paipu. Mimi siuamini. Huwezi kujua umebeba oksijeni kiasi gani, na isitoshe unavuta sumu ukiwa umesimama hapo.

Ukiniuliza mimi, na sijaulizwa, bati likioza sehemu zaidi ya moja achana nalo. Nenda Grogan au kwa wauza spea wengine utafute tangi zima la gari kama lako, au fundi akuundie jipya kutoka kwa bati ambalo halijawahi kuonja petroli. Hapa ndipo jua kali wetu ni wakali. Wanakunja masanduku, mabomba ya paa na majiko kila siku. Bati jipya likichomelewa halina cha kulipuka. Likiisha, lipimwe kwa maji ya sabuni na hewa kidogo tu ya pampu ya baiskeli. Kompresa italifura kama mandazi.

Lakini tangi si sanduku. Mwambie fundi aweke kuta za ndani zenye matundu, la sivyo ukikata kona mafuta yote yanakimbilia upande mmoja na pampu inafyonza hewa. Aweke njia ya kupumua. Tangi lisilopumua linajinyonga: injini inavuta mafuta, hewa haiingii, na baada ya muda gari linazima. Ukifungua kifuniko unasikia "fyuu", linawaka tena. Na ukiwa na kifuniko cha matambara na karatasi ya nailoni, hiyo si njia ya kupumua, hiyo ni utambi.

Sasa nyinyi wa kubadilisha injini. Kuweka injini ya kisasa kwa DX ni raha, nakubali. Lakini gari la kabureta lilihitaji shinikizo la psi 5 hivi, na hiyo injini yako mpya inataka 40 au zaidi. Ukiacha zile paipu za mpira za zamani zilizofungwa kwa waya, moja ikipasuka haitadondosha, itanyunyiza, na ekzosi iko hapo karibu. Paipu za shinikizo kubwa, kleempu zake, na njia ya kurudisha mafuta kwa tangi ni sehemu ya bei ya injini. Kama hukuzihesabu, hujamaliza kununua injini.

Kitu ambacho sitakitetea hata kidogo ni mtungi wa plastiki kwa buti, na paipu inayopita chini ya kiti kwenda mbele. Buti inajaa mvuke, mvuke unapita nyuma ya kiti hadi kwa abiria, na kwenye buti hiyo hiyo kuna nyaya za taa na amplifaya ya zile spika. Watu huita hiyo "modification". Magari yanayokuja Naivasha tangu mashindano ya dunia ya rali yarudi Kenya 2021 hubeba mafuta kwa mfuko mzito wa mpira ulioidhinishwa na FIA, wenye tarehe ya mwisho wa kutumika, na ikifika unabadilishwa hata kama haujatoboka. Hiyo ndiyo kubadilisha tangi.

Utaniambia fundi wako amechomelea matangi miaka 20 na yuko sawa. Aliyelipukiwa hayuko gereji kukusimulia. Na mara nyingi anayeshika moto si huyo fundi. Ni spana boi, kijana wa miaka 18 au 19 aliyekuja kujifunza kazi, hana glavu, hana miwani, na hawezi kukataa kwa sababu kesho atakosa kuitwa. Wewe ndiye umeleta tangi saa nane na unataka gari jioni. Wewe ndiye umesema, "Nipunguzie, boss, ni kitundu tu." Kuosha vizuri kunachukua siku, na kile ulichopunguza ni kuosha.

Kwa hivyo ukifika pale, muulize fundi swali moja mbele ya huyo kijana: "Mmeliosha na nini, na mara ngapi?" Akikujibu kwamba lilianikwa jana likakauka, chukua tangi lako uende. Tafuta pikapu ya kulibeba. Ukijaribu kupanda nalo matatu makanga atakukatalia, na kwa mara moja maishani makanga atakuwa na haki.