Saratani ya damu: Mbegu inayolala ubohoni

MKAZI wa Free Area, Nakuru, anayeugua lukemia sugu ya mieloidi huweza kufungua duka lake asubuhi na kuwahudumia wateja bila yeyote kushuku kwamba ana saratani ya damu. Hali haikuwa hivyo kabla ya 2001, mwaka ambao Marekani iliidhinisha imatinib, dawa iuzwayo kwa jina la Glivec. Nchini Kenya, wagonjwa walikuwa wakiipata bila malipo kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation.

Nafuu hiyo ina mtego wake. Ajihisiye mzima, na ambaye analazimika kuifuata dawa Nairobi, umbali wa kilomita 160 hivi, hushawishika kuruka mwezi mmoja nauli inapokosekana.

Hatari ya kufanya hivyo imo ndani ya mifupa. Mnamo 1978, mtafiti Raymond Schofield wa Manchester, Uingereza, alitoa hoja kwamba seli mama za damu hukaa ubohoni katika mfano wa viota, ambamo seli jirani huzilinda na kuziongoza. Seli mama za saratani nazo hujificha humo. Imatinib huzikomesha seli zinazozaana kwa kasi, lakini zile zilizolala hunusurika, zikihifadhiwa na majirani hao hao.

Ndiyo maana vipimo huweza kuonyesha damu safi ilhali mbegu ingalipo. Watafiti wa Ufaransa walieleza mwaka 2010 kuhusu wagonjwa waliositisha imatinib baada ya angalau miaka miwili bila dalili yoyote ya ugonjwa vipimoni. Kati ya 69 waliofuatiliwa kwa miezi 12 au zaidi, 42 walirudiwa na ugonjwa, karibu wote ndani ya miezi sita. Walipoanza dawa upya, waliitikia. Lakini hao walikuwa wakipimwa mara kwa mara, bahati ambayo mwenye kukosa nauli hana.

Wanasayansi sasa wanakilenga kiota chenyewe. Plerixafor, iliyoidhinishwa Marekani 2008, hulegeza kinachozishikilia seli mama ubohoni ili zitoke zikusanywe kwa ajili ya upandikizaji. Kuitumia kuzifurusha seli za lukemia mafichoni zikakutane na dawa kungali katika hatua ya utafiti.

Hadi hapo, kinachohitajika ni vidonge visivyokatika pamoja na kipimo cha molekuli kinachobaini ugonjwa ungali mdogo. Mijadala kuhusu Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huegemea mno gharama ya vidonge, na kipimo hicho hutajwa kwa nadra.