Makamu Mkuu wa chuo Butiama awasikilize wakulima



Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere, Butiama, apimwe kwa usikivu wake kabla ya majengo. Historia inaonyesha kwa nini: mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alimkabidhi Pius Msekwa, kada wa chama tawala cha TANU, uongozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alimwandikia Msekwa barua ya wazi ya malalamiko. Akivaga alikamatwa, akarudishwa Kenya, na wenzake wakasusia masomo. Malalamiko yale yangejibiwa mezani.

Wapo watakaosema baraza la chuo linatosha kumsimamia Makamu Mkuu wa Butiama. Kwa hesabu na ajira, sawa. Lakini mkulima wa pamba wa Bunda na mvuvi wa Musoma wanahitaji mlango wao: awaite kila mwaka kabla bajeti ya utafiti haijapangwa.