Uji Kabla ya Vidonge: Wito kwa Wakazi wa Katoro

Minyoo ya safura hunyonya damu ya mtoto polepole. Mtoto hupungukiwa damu, husinzia, hesabu ya ubaoni humpita, na mara nyingi huitwa mvivu. Kichocho, kinachoenezwa na konokono wa maji baridi, huwachosha vivyo hivyo watoto wa ukanda wa Ziwa Victoria, mkoa wa Geita, ilipo Katoro, ukiwemo.

Ushahidi wa karibu unatoka Busia, Kenya. Kuanzia 1998, shule 75 za msingi zilipewa dawa za minyoo kwa awamu, na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer wakafuatilia matokeo. Utoro ulipungua kwa takriban robo. Alama za mitihani hazikupanda, na hilo lisifichwe: kidonge humrudisha mtoto darasani, kumfundisha ni kazi nyingine. Ila hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua kwa wote. Mzazi anayemtibu wa kwake peke yake, basi, hajamaliza kazi. Minyoo itarudi kutoka kwa jirani.

Ndiyo maana wito huu ni wa Katoro nzima: mtoto anywe uji kabla ya kumeza vidonge. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hupimwa shuleni kwa urefu wa mtoto, naye anatakiwa awe amekula. Akiimeza na njaa, tumbo na kichefuchefu humsumbua zaidi, na uvumi kwamba dawa ni mbaya hupata pa kuanzia. Elimu bila ada iliyoanza 2016 haikuwaondolea wazazi jukumu la chakula. Mkutano wa hadhara ukubaliane mchango wa mahindi ya uji wa kila kaya wakati wa mavuno, wenye maduka wachangie sukari, na kamati ya shule isome mapato na matumizi mbele ya watu.

Mtoto aliyeshiba na kutibiwa anahitaji pia pa kucheza: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Katika mji wa biashara, kiwanja cha shule kisicho na mipaka humezwa na vibanda. Kipimwe mapema.

Zito kuliko yote ni zebaki inayotumika kukamata dhahabu. Inapochomwa ili dhahabu ibaki, mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu, na ubongo wa mtoto, ambao bado unakua, huumia zaidi. Hapo uji hausaidii. Wenye makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu), wenye mialo ya kuchenjulia dhahabu na wanunuzi wa dhahabu wanaombwa wakubaliane sasa: mtoto asifanye kazi mwaloni, siku ya shule wala likizo, na zebaki isichomwe kwenye nyumba wanamolala watu.